Sabuni Iliyovuka Mpaka

Sabuni ya kwanza ya Rwegasira ilikuwa na rangi ya uji ulioungua, na soko zima la Bukoba hakupatikana mtu wa kuinawia hata bure.

Tuelewane mapema: ilikuwa sabuni nzuri. Shangazi yake wa Kanazi alimfundisha kuipika wakati wa vita, maduka yalipofungwa na mji ukabaki na askari na vumbi. Unachoma maganda ya ndizi, unachuja majivu yake kwa maji, maji hayo unayachemsha na mafuta ya ng'ombe, halafu chumvi inamalizia kazi. Shangazi alipofariki alimwachia chungu na siri hiyo. Kibanja, pamoja na migomba yake, walichukua ndugu wenye akili. Wakati huo Rwegasira alikuwa amekwisha pitia kazi tisa, zote za mdomo. Aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele huku kichwa chake mwenyewe kinang'aa. Aliwahi kuchangisha jezi za timu ya mpira ya mtaani kwake Bilele yenye watu wawili, mchezaji na kocha, na wote wawili walikuwa yeye. Sabuni ilikuwa kazi yake ya kwanza ya haki tangu azaliwe, na ndiyo iliyokuwa inamshinda.

Mwaka ulikuwa 1984. Madukani sabuni ilikuwa jina tu. Watu walifulia majani ya mpapai, na shati jeupe lilikuwa limebaki kwenye picha za harusi. Huwezi kuamini kwamba katika hali hiyo mtu anaweza kukosa wateja wa sabuni, lakini Rwegasira aliweza. Alikuwa na kipaji hicho.

Asubuhi moja mwalimu mmoja wa kike alisimama mbele ya meza yake, akainua kipande kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Sabuni, mama. Imepikwa hapa hapa kwetu."

"Hapa hapa?" Akakirudisha mezani taratibu. "Mimi nina darasa la watoto arobaini. Siwezi kwenda kufundisha nikinuka jiko."

Akatembea hatua kumi hadi kwa jamaa mmoja aliyejifanya anauza vitunguu. Jamaa akatazama kulia, akatazama kushoto, akamnong'oneza neno moja: "Imevuka." Mwalimu akapokea kitu kilichofungwa gazetini, akakitumbukiza kwenye mkoba bila kukifungua, bila hata kukinusa, akaondoka na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Rwegasira aliyaona yote. Kumbe! Sisi watu wa Bukoba, wasomi tunaojua kusoma hata maandishi ya kwenye viberiti, hatununui sabuni. Tunanunua mpaka. Kitu kikivuka kutoka Burundi kwa magendo, kikajificha chini ya mikungu ya ndizi, kikaponea chupuchupu kwa askari, hicho ndicho kitu. Kilichopikwa na jirani yako ni uchafu, na jirani yako ni mshamba. Rwegasira alijiona mjinga kwa kujaribu uaminifu kwa miezi mitatu mizima.

Kilichobaki kilikuwa rangi, maana sabuni ya mpakani haiwezi kufanana na uji.

Akaenda kwa Mama Nurjehan, mmoja wa Wahindi wachache waliokuwa wamebaki mjini. Duka lake lilikuwa na rafu ndefu tupu, kalenda ya zamani, na gunia la manjano ambalo hakuna mtu aliyekuwa analitaka, kwa sababu mchuzi wenyewe wa kutia manjano ulikuwa adimu.

"Nipe manjano, Mama. Nataka kitu cha rangi ya dhahabu."

"Chukua mengi," alisema Mama Nurjehan. "Mimi na hili gunia tumezeeka pamoja."

Rwegasira akapanda kwake Bilele, akachemsha maji ya majivu, akamimina manjano. Maji yakawa mekundu. Si mekundu ya kubahatisha, mekundu ya damu ya kuchinja! Akaruka nyuma, akajipiga kisigino kwenye jiwe, akamwita marehemu shangazi yake kwa jina na kumwomba msamaha wa yote aliyomfanyia. Kisha, kwa kuwa mtu muoga pia anaweza kuwa na hasira, akarudi dukani mbio.

"Mama, umeniuzia nini wewe? Imegeuka damu!"

Mama Nurjehan alicheka mpaka akashika meza. "Wewe Rwegasira, hukuzaliwa na dada? Siku ya harusi yangu mchuzi ulimwagika kwenye nguo yangu nyeupe. Mama mkwe akausugua kwa sabuni. Pakawa pekundu mbele ya wageni mia tatu! Manjano yakikutana na kitu kikali yanakasirika, yanakuwa mekundu. Kila mwanamke wa kwetu anajua."

"Na nikitaka yabaki dhahabu?"

"Usiyape ukali. Subiri sabuni ipoe, ukali uishe, ndiyo utie kidogo."

Basi unga mmoja ukampa rangi mbili: ukitiwa mwanzo kwenye maji ya majivu, nyekundu; ukitiwa mwisho, dhahabu. Kwa buni zilizokaangwa na kutwangwa akapata ya tatu, kahawia yenye kung'aa. Mama Nurjehan alitaka malipo ya vipande viwili kila juma na asiulizwe jambo, na juu yake akamwongezea rundo la magazeti ya Kigujarati ya marehemu mumewe. Hapo ndipo Rwegasira alipotaka kulia kwa furaha. Sabuni iliyofungwa kwenye maandishi ambayo hakuna msomi hata mmoja wa Bukoba anayeyaweza! Angehitaji ushahidi gani tena?

"Hayo maandishi ni ya wapi?" mteja aliuliza.

"Ya huko inakotoka," Rwegasira alijibu, akitazama kulia na kushoto. "Na wewe hujaniona. Kama umeniona, mimi ni fundi wa baiskeli."

Nyekundu aliwauzia wakubwa, dhahabu akawauzia walimu, kahawia akawaambia mapadri ni ya kimonasteri. Yule mwalimu wa watoto arobaini alinunua dhahabu tatu, na juma lililofuata alimsimulia Rwegasira mwenyewe jinsi watu wa hapa walivyoshindwa kabisa kutengeneza kitu cha namna hii. Rwegasira alitikisa kichwa kwa masikitiko, akamwambia ni kweli, sisi hatuna akili.

Mji ulipoanza kumzoea, akapanda lori la kahawa kwenda Muleba, akaanza kuuza kwenye gulio la Rubya. Huko ndiko alikokutana na Immakulata.

Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka kama thelathini na tano, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Alinunua nyekundu moja. Gulio lililofuata akarudi, akangoja watu wapungue, akafungua gazeti na kumwonyesha kilichobaki, kidogo kama ukucha.

"Waitu, ndugu yangu, sabuni yako ni nzuri sana," alisema. "Nina kaka yangu nyumbani, Kagaruki. Amerudi kutoka mpakani na huu ugonjwa mpya wa kukondesha wanaouita Juliana. Amekwisha, amebaki macho. Shuka zake nafua mara nne kwa siku, na yeye mwenyewe namwogesha mara tatu. Alikuwa mtu wa kujipenda, mtu wa pasi na marashi. Anachoomba sasa ni kitu kimoja tu, asinuke watu wakija kumwona. Siwezi kununua ya kutosha. Nifundishe kupika."

"Kupika?" Rwegasira akacheka kile kicheko chake cha kazini. "Dada yangu, hii imevuka mpaka."

"Mimi nimezaliwa migombani. Majivu ya maganda ya ndizi nayajua kwa harufu. Nimejaribu mwenyewe mara tano, inatoka maji matupu. Kuna kitu sikijui. Mafuta ninayo, kuni ninazo. Nifundishe, nami sitamwambia mtu."

Nitasema ukweli kwa niaba ya Rwegasira, kwa kuwa yeye hakuusema: alimwonea huruma. Alimkumbuka shangazi yake, na kwa muda wa kama kupepesa jicho, neno "chumvi" lilimfika kwenye ulimi. Lakini siri ile ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo duniani. Akiitoa leo kwa Immakulata, kesho Rubya nzima inapika, na yeye anarudi kwenye dawa ya nywele. Akaimeza.

"Imevuka mpaka," alisema tena, akitazama miguu yake. Kisha, ili moyo umwachie, akachukua kipande kimoja cha dhahabu amzawadie. Akakitazama. Akatoa kisu, akakikata katikati, akampa nusu. Huruma yake ilifika hapo tu.

Immakulata alipokea nusu ile kwa mikono miwili.

"Sawa," alisema. "Wewe mwenyewe umesema, na watu wamesikia. Kama imevuka mpaka, basi imevuka."

Juma lililofuata Rwegasira alikuwa hajamaliza kupanga bidhaa zake aliposhikwa bega na mkono mzito. Mwenye mkono alikuwa jitu la mtu, limevaa koti refu la jeshi lililokosa kifungo kimoja, na kwapani lina daftari nene.

"Sabuni hizi zimetoka wapi?"

Mwaka uliopita tu kulikuwa na ule msako mkubwa wa walanguzi. Watu walitupa vitenge chooni, walizika sukari shambani, na matajiri walioogopwa walipandishwa malori wakilia mbele ya wake zao. Rwegasira aliwahi kuwacheka.

"Jina lako?"

"Inategemea, afande."

"Inategemea nini?"

"Inategemea... Rwegasira, afande."

"Rwegasira, mashahidi kumi wamekusikia ukisema mali hii imevuka mpaka bila kibali. Unajua magendo ni miaka mingapi?"

Hapo heshima yote ya mjini ikamtoka. Akapiga magoti kwenye vumbi la Rubya na kupaza sauti mpaka wauza ndizi wakageuka. "Afande, nihurumie! Mimi si mlanguzi! Mimi ni tapeli! Tapeli wa kawaida tu, afande, uliza Bukoba nzima!"

"Wote wanasema hivyo."

"Sabuni napika mwenyewe! Kwa maganda ya ndizi!"

"Thibitisha."

Ofisi ya kata, afande alieleza, ilikuwa imefungwa, kwa hiyo wangeshughulikia jambo hilo kwa raia mwema wa jirani. Raia mwema alikuwa Immakulata. Na tazama bahati ya Rwegasira siku hiyo: uani kwake palikuwa na moto umekwisha washwa. Palikuwa na chungu kikubwa. Palikuwa na mafuta ya ng'ombe yaliyosafishwa, na majivu ya maganda ya ndizi ndoo mbili, na wanawake kama kumi na watano waliokuja, ilisemekana, kushuhudia. Mtu aliyeishi kwa ujanja miaka ishirini aliviona vyote hivyo kwa macho yake, akamshukuru Mungu kwa kumwandalia. Msimcheke. Hofu ikipanda kichwani, akili hutafuta mlango.

Dirishani, kwenye kiti chenye mito, alikaa mtu mwembamba aliyefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Macho yake yalikuwa makubwa na yanang'aa. Rwegasira alimtazama mara moja, akaelewa huyo ndiye Kagaruki, akaona aibu kumtazama tena.

"Anza," alisema afande. "Na useme kwa sauti, karani aandike." Karani alikuwa Immakulata, penseli mkononi.

Rwegasira akaanza. Akachuja maji ya majivu. Afande akauliza majivu kiasi gani, na maji kiasi gani, kwa sababu, alisema, sheria inataka kujua. Wanawake wakayarudia majibu kwa pamoja kama wako kwenye katekisimu.

"Utajuaje ukali umetosha?" sauti dhaifu iliuliza kutoka dirishani.

Sasa hilo lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na sisi Wahaya, hata tukiwa chini ya ulinzi, tukipata swali la namna hiyo tunasahau shida. Rwegasira akanyooka mgongo. "Swali zuri! Unatia yai bichi. Likizama, maji ni laini, sabuni haitashika. Likielea likatoa upara kama shilingi, hapo sawa. Likielea lote, ongeza maji, la sivyo utachubua watu ngozi. Na hasa mgonjwa, ngozi yake si ya kuchezea!"

"Andika hilo la mgonjwa," alisema afande.

Kuanzia hapo Rwegasira hakuwa mshitakiwa tena, alikuwa profesa. Alivua shati. Aliwagombeza wanawake waliokoroga kwa pupa. Alisimulia makosa ya shangazi yake, makosa yake mwenyewe, na makosa ambayo hakuna mtu aliyekuwa amewaza kuyafanya. Ilipofika mchana na chungu kimekuwa kizito, akawatazama wote, akaomba chumvi. Aliitia kiganja kwa kiganja, na sabuni ikajitenga na maji, ikaja juu kama maziwa yaliyoganda.

"Chumvi!" alisema Immakulata polepole. Penseli ilikuwa imesimama. "Mara tano nimelia juu ya chungu, kumbe chumvi."

"Sabuni naona," alisema afande. "Lakini hii ina rangi ya uji. Nyekundu ni ya nje, hapa hakuna mtu mwenye nyekundu."

Rwegasira akatabasamu. Akachota maji ya majivu kwenye kibuyu, akatoa mfukoni kijaluba cha manjano, akamimina. Maji kibuyuni yakawa mekundu.

"Mawe! Mama wee!" wanawake walipiga yowe, na wawili wakarudi nyuma. Dirishani Kagaruki alianza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka dada yake akakimbia kumshika, na alipopata pumzi akacheka tena. Rwegasira alifurahi sana kwa kicheko kile. Kwa furaha hiyo akatoa na siri ya dhahabu, na ya buni, na jina la duka la Mama Nurjehan, bila hata kuulizwa.

Saa kumi jioni afande alifunga daftari lake.

"Serikali haina shughuli na tapeli wa sabuni," alisema. "Nenda. Ukionekana Rubya kabla ya miezi miwili, shauri lako."

Rwegasira alimshukuru kwa mikono yote miwili. Akamwachia vipande kumi na vinne, kijaluba chake cha manjano na baraka za marehemu shangazi, akatoka pale kwa mwendo ambao si kukimbia na si kutembea.

Miezi miwili alijificha Bilele akiuma kucha. Wa tatu akapata moyo, akapika nyekundu nyingi, akapanda lori.

Gulio la Rubya hakulitambua. Safu nzima ya wanawake ilikuwa imetandika majani ya migomba, na juu yake sabuni: nyekundu, dhahabu, kahawia. Na nyingine ambazo hakuwahi hata kuziota, rangi mbili ndani ya kipande kimoja, nyekundu imejikunja ndani ya dhahabu kama moshi. Nyuma ya safu, jitu la mtu lilibeba vikapu huku likiimba besi ya wimbo wa Pasaka. Halikuwa na koti. Rwegasira alipokaribia aliona lile daftari nene juu ya kikapu, limefunguliwa. Kilikuwa kitabu cha nyimbo cha kwaya.

"Buberwa, lete na hicho kingine," mwanamke mmoja aliliita.

Ameingizwa mjini, tena na watu wa shamba! Hasira ikampanda, akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa safu, alikokaa Immakulata amevaa nguo nyeusi. Alikuwa ametayarisha maneno makali njiani, mengi tu. Kabla hajalitoa hata moja, wanawake wote wakapiga magoti kidogo, kama tunavyosalimia wakubwa kwetu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Rwegasira alikuwa ameitwa profesa, daktari, meneja na kocha, na kila jina alilidanganyia mwenyewe. Hili hakuwa amelifanyia uongo wowote. Maneno makali akayaacha pale pale.

"Marahaba," alisema. Kisha, kwa sababu ya nguo nyeusi, "Kaka yako?"

"Tumemzika juma la tatu sasa." Immakulata alisema bila kutetereka. "Mambo yote yale yalikuwa yake, waitu. Msakoni alishikwa mara mbili, alijua wanavyouliza. Alimfundisha shemeji yangu Buberwa siku nne, kitandani. Alicheka mpaka siku ya mwisho akikumbuka ulivyosema wewe ni tapeli wa kawaida. Na alikufa msafi. Watu walikaa naye karibu mpaka dakika ya mwisho, hakuna aliyefunika pua. Shuka zake zilikuwa nyeupe kabisa."

"Pole, dada yangu," alisema Rwegasira. Akafuta macho kwa mkono wa shati, akasingizia moshi, na moshi haukuwepo.

Immakulata akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na nusu kipande cha dhahabu, upande mmoja umekatwa kwa kisu, hakijawahi kulowa maji.

"Aliniagiza nikupe hii. Alisema, 'Mrudishie nusu yake, asije akasema Rubya tulimwibia.'"

Rwegasira akaipokea kwa mikono miwili. Kisha, kwa kuwa mtu haachi kuwa yeye hata akiwa na machozi, jicho lake likateleza mpaka kwenye zile za rangi mbili. Aliwaza chungu. Aliwaza joto, na mwiko, na wakati wa kumimina. Hakupata jibu.

"Dada yangu," alinong'ona, "hizi mnazipataje?"

Immakulata alitazama kulia. Akatazama kushoto. Akainama mpaka karibu na sikio lake.

"Hiyo?" alisema. "Imevuka mpaka."

Rwegasira akanunua mbili, kwa bei aliyotajiwa, na hakuomba apunguziwe.